Akienda Chafya Jirani Yako

Wanangu,

Nawaandikia juu ya jambo dogo ambalo naliona linatuponyoka. Mtu akienda chafya, mwombeeni. Msimkunjie uso, wala msinyamaze mkajifanya hamkusikia. Nanyi mkienda chafya, zibeni mdomo na pua, kisha mshukuruni Mungu. Mambo haya mawili ni pacha, na waliotutangulia hawakuyatenganisha.

Desturi hii ni kongwe. Mwaka 401 kabla ya Kristo, jeshi la Wagiriki lilikuwa limekwama katika himaya ya Waajemi, majemadari wake wameuawa kwa hila. Mmoja wao, Xenophon, alisimama kuwatia moyo wenzake, na alipokuwa akisema habari ya matumaini ya kuokoka, askari mmoja akapiga chafya. Jeshi zima likamsujudia mungu wao papo hapo, kwa kuwa waliiona ni ishara njema. Kwa Warumi nako, mwanachuoni Pliny, aliyefariki mwaka 79, aliuliza katika maandishi yake kwa nini watu humtakia heri anayepiga chafya. Akaeleza kwamba hata Kaisari Tiberio, mtu aliyejulikana kwa kununa, alidai atakiwe heri hiyo hata akiwa safarini ndani ya gari lake la kukokotwa.

Mtasikia wengi wakisimulia kwamba chanzo chake ni tauni iliyoipiga Roma mwaka 590, pale Papa Gregori wa Kwanza alipoagiza kila anayepiga chafya aombewe. Tauni hiyo ilikuwa ya kweli, na ilimuua Papa Pelagio wa Pili aliyemtangulia. Lakini Pliny alikuwa amekwisha kufa miaka zaidi ya 500 kabla ya tauni hiyo. Kwa hiyo tauni haikuizaa desturi hii, iliikuta. Hata hivyo masimulizi hayo yana somo. Watu wale walikuwa na kila sababu ya kumkimbia mwenye chafya, lakini habari waliyowaachia wajukuu wao ni ya kuombeana.

Sisi Waislamu wa pwani tumeipokea adabu hii katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Aliyekwenda chafya husema, “Alhamdulillahi,” yaani sifa njema ni za Mungu. Aliyemsikia humjibu, “Yarhamukallah,” yaani Mungu akurehemu, na kwa mwanamke, “Yarhamukillah.” Naye aliyeombewa huirudisha dua: “Yahdikumullahu wa yuslihu balakum,” yaani awaongoze Mungu na kuitengeneza hali yenu. Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, amepokea kwamba watu wawili walikwenda chafya mbele ya Mtume, akamwombea mmoja, wa pili asimwombee. Alipoulizwa, akasema kwamba yule wa kwanza alimhimidi Mungu, na huyu hakumhimidi. Nanyi msiione dua hii kuwa ni hisani tu. Imetajwa miongoni mwa haki za Muislamu kwa mwenzake, pamoja na kurudisha salamu, kumzuru mgonjwa na kusindikiza jeneza.

Tena imepokewa kwamba Mtume mwenyewe alipokwenda chafya alijifunika uso kwa mkono au kwa nguo yake, akaishusha sauti. Na chafya zikizidi tatu, mjue huyo ana mafua, aombewe shifaa. Kujifunika na kuombeana vimefundishwa pamoja, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kusikia neno kirusi.

Elimu ya leo imeithibitisha hekima ya kujifunika. Mwaka 2020 mtafiti Lydia Bourouiba, wa chuo cha MIT huko Marekani, alieleza kwamba wingu la matone ya chafya laweza kufika mita 7 hadi 8. Hiyo yatosha kuvuka chumba cha darasa. Basi asiyejifunika anawadhulumu wenzake, hata akihimidi kwa sauti nzuri namna gani.

Lakini tangu mwaka ule wa korona, naona tumeshika nusu moja ya adabu na kuitupa nusu ya pili. Juzi nilikuwa ndani ya daladala, mama mmoja aliyepakata kikapu cha ndizi akajifunika kwa ncha ya khanga, akaenda chafya. Kijana aliyekaa ubavuni mwake akavuta kola ya shati hadi puani, akamgeuzia mgongo. Binti wa kiti cha mbele akageuka, akamtazama mama wa watu kama mwizi. Mama akainamisha kichwa. Konda ndiye aliyesema, huku akihesabu chenji zake, “Afya, mama!” Mama akainua uso, akatabasamu, akashukuru. Konda yule hakupungukiwa hata na senti moja.

Wanangu, kujikinga na maradhi ni wajibu, na wala sikuambieni mkae puani mwa mgonjwa. Fungueni dirisha, vaeni barakoa inapobidi, ninyi wenyewe mkiwa na mafua kaeni nyumbani. Ila kumtakia mtu heri hakukulazimu kumkaribia. Jirani yako akiwa Mkristo naye akakwambia, “Mungu akubariki,” itikia amina, nawe mwombee kheri. Asiye na dini mtakie afya. Na watoto wadogo wafundisheni kwa kuwajibu kila wapigapo chafya, maana mtoto huiga anachotendewa.

Nimeishi vya kutosha kuona kwamba anayezembea haki ndogo huzoea kuzembea kubwa. Asiyempa mwenzake neno moja akiwa mzima hatampa siku nzima akiwa kitandani. Basi leo, mtu wa kwanza atakayeenda chafya karibu yenu, msisubiri mwingine amjibu. Mjibuni ninyi.