Wazo Tamu, Filamu Chapwa

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini foleni iliyomo ndani yake ilikuwapo kweli.

Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria, ikaruhusu magari ya mizigo peke yake. Madereva ikawa lazima wapimwe korona, na majibu yakawa hayaji upesi. Mji wa mpakani wa Malaba ukafurika: trela zilipangana makumi ya kilomita kurudi upande wa Bungoma, madereva wakilala humo humo na kujipikia kando ya lami.

Kijana mmoja wa Busia, mpenzi wa filamu, alipoyaona hayo akapata wazo. Dereva amekwama foleni, binti wa Malaba anauza chai, wakapendana. Ila trela ikisogea, kibanda cha binti kinabaki nyuma. Na siku dereva atakapofika kwenye geti la mpaka, ndiyo kwaheri. Kila aliyesimuliwa alimpa tano: "Hapo umeweza!"

Sifa zile ndizo zilizomponza. Mambo yalipoanza kutulia, foleni ingalipo, alichangisha pesa, akakodi droni, akaipiga picha foleni kutoka angani alfajiri na magharibi. Mswada aliuandika mbio mbio, akiamini foleni itajisimulia yenyewe.

Siku ya kuonyesha, kibanda cha video mjini Busia kilijaa. Mwanzoni watu walitulia, kisha minong'ono ikaanza. Binti kwenye filamu alimuuliza dereva, "Unatoka wapi?" Mama mmoja akaangua kicheko: "Kwani haoni nambari ya gari?" Muuza chai wa Malaba huiona U ya Uganda au K ya Kenya kabla injini haijazimwa. Chenji huipigia hesabu kichwani, shilingi za Kenya kwa za Uganda, huku akimsalimu huyu kwa Kiteso na yule kwa Kiganda. Huyu wa kijana alishika birika tu, akatabasamu.

Baya zaidi, trela haikusogea. Tangu mwanzo hadi mwisho ilisimama chini ya mwembe uleule, kwa kuwa mwenye gari alikataa kuliwasha bila dizeli, na pesa ya dizeli ilikwisha kuliwa na droni. Maneno ya mapenzi nayo yalimezwa na honi na upepo. Watazamaji waliozoea kusimuliwa filamu na DJ Afro, au VJ Jingo ng'ambo ya Uganda, wanaweza kusamehe picha yenye chenga. Maneno yasiyosikika hawasamehe. Kabla filamu haijaisha, nusu ya viti vilikuwa vitupu.

Linganisha na Malooned ya Bob Nyanja, filamu ya Kenya ya mwaka 2007. Mwanamume Mjaluo na mwanamke Mkikuyu wanajikuta wamefungiwa msalani, ndani ya jengo la ghorofa. Humo hamna mandhari ya kumbeba mtu. Mlango ukishajifunga, kilichobaki ni watu wawili, ndimi zao na ukabila waliokuja nao. Wazo kama hilo linamlazimisha mwandishi kuyatolea jasho mazungumzo, maana hana kitu kingine.

Wa Busia naye alikuwa na wazo lenye madai yake, ila hakuyasikiliza. Mapenzi yanayopimwa kwa mita yanataka kila mita ionekane na iwe na gharama. Leo binti avuke barabara na kikombe mkononi. Kesho atembee kwa miguu yake hadi kwenye mzani wa magari. Keshokutwa akodi boda kwa faida yote ya siku, na chai ifike imepoa. Hapo mtazamaji angeanza kuliogopa geti kabla halijaonekana.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wazo zuri humlaza mwenyewe usingizi: akisifiwa kwa sentensi moja, huona kazi imekwisha. Ewe unayeandaa filamu, hadithi au tamthilia, jiulize wazo lako linasimama juu ya kitu gani, kisha pesa na jasho vianzie hapo. Kama hadithi yako ni ya gari linalosogea, nunua dizeli kwanza, droni baadaye.