Wakala Mlangoni kwa Bibi

Wakala wa bima ya afya akibisha hodi kwa bibi, huja na tabasamu na fomu. Mwombe kwanza leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kisha muulize yale asiyoyataja. Kuna ukomo wa umri? Kisukari na presha ambavyo bibi anavyo tayari vinalipiwa, au kuna miezi ya kungoja? Hospitali ya jirani inaipokea kadi? Mimi humwamini zaidi wakala anayesema “hili halimo” kabla ya saini. Na bibi mwenyewe awepo kwenye mazungumzo, jamani, mwili ni wake! Ada ilipwe kwa kampuni, kwa risiti, si kwenye namba binafsi ya wakala.