Je, Anayetumia Vidonge vya Usingizi Amepungukiwa na Imani?



Wengi wetu tulikimbia vita, na usingizi tukauacha huko. Baadhi walipofika zahanati wakiwa hawalali walipewa vidonge vya kutuliza, kama diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium. Vilikuwa vya siku chache, lakini miaka imepita na mtu halali bila kidonge. Ndipo watu husema, hata kanisani: huyo hana imani; angeamini, angevitupa leo.

Je, kuvitupa ghafla ndiyo imani? Tunajibu: sivyo.

Dawa hizi hupoza ubongo. Zikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo huzizoea. Zikikatwa mara moja, huja kutetemeka, jasho, hofu kubwa, hata degedege linaloweza kuua. Hayo si mapepo, ni mwili unaodai kile ulichozoeshwa.

Wala hatusemi mtu abaki humo daima. Dawa hizi hupunguza kumbukumbu na huwaangusha wazee. Kuacha ni kwema, ila kuna njia yake. Daktari Heather Ashton, aliyeongoza kliniki ya kazi hii mjini Newcastle, Uingereza, tangu 1982 hadi 1994, alifundisha kupunguza kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi kila wiki moja au mbili, kwa mwendo anaouweza mgonjwa. Ni safari ya miezi, pengine zaidi ya mwaka.

Hapa ndipo swali linatugeukia sisi. Anayesema "tupa leo" hagharamii kitu. Maumivu yote ni ya mwenzake. Anayesema "punguza polepole, nasi tuko nawe" amejitwika miezi ya kumtembelea ndugu. Ni upendo upi ulio wa kweli?

Basi tufanye hivi. Mgonjwa asipunguze peke yake. Aende kwa daktari au muuguzi, wapange pamoja. Aseme mapema vidonge vinapokaribia kwisha, maana dawa ikikosekana zahanati, huko nako ni kukatwa ghafla. Asizibe pengo kwa pombe. Mwenye dawa ya kifafa asiiguse kwa sababu ya maneno haya. Nasi majirani tukae naye jioni, tumsaidie kuteka maji asubuhi baada ya usiku mbaya, wala tusimuulize kila Jumapili kama ameshaacha. Akirudi nyuma hatua moja, tusimhukumu.

Tumkumbuke Eliya, aliyechoka hata akaomba kufa. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, ndipo safari ikaanza. Ikiwa Mungu alikuwa na subira hiyo kwa nabii, sisi tuna haraka gani na jirani yetu?

Bwana awabariki.