Samaki Aliyepewa Jina la Mkubwa

Juzi nilikwama Nyamisati, Kibiti, nikisubiri boti ya Mafia. Nikakaa na babu mmoja aliyekuwa akishona jarife, nikawa namuuliza majina ya samaki wa huko deltani. Hongwe, kolekole, chewa, pono. Yeye anataja, mimi naandika.

Mkobani nilikuwa na Old Fourlegs, kitabu cha J. L. B. Smith cha mwaka 1956. Smith, profesa wa Afrika Kusini, ndiye aliyemtambulisha duniani silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria. Wa kwanza alipatikana 1938. Wa pili akamsaka miaka 14. Katika safari za kukusanya samaki wa pwani na visiwa vyetu, yeye na mkewe Margaret walifika Unguja mwaka 1952, wakakutana na nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara na Komoro. Hunt akabeba matangazo yao: pauni 100 kwa atakayempata samaki huyo. Yaliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwemo.

Desemba 1952, mvuvi wa Nzwani, Ahamadi Abdallah, akamvua mmoja kwa mshipi. Kwa Wakomoro hakuwa mgeni, walimwita gombesa. Waziri Mkuu D. F. Malan, ambaye serikali yake ndiyo iliyoleta sheria za ubaguzi wa rangi, akampa Smith ndege ya jeshi akamchukue. Smith naye akampa samaki jina: Malania anjouanae.

Je, alikosea? Nilitaka kusema ndiyo haraka haraka. Lakini kurudisha fadhila ni uungwana, na bila ndege ile samaki angeweza kuharibika. Tena mvuvi aliahidiwa hela, hakuombwa sadaka.

Hapo ndipo ninapokwama. Hela humaliza biashara: nimekupa, umenipa, kwaheri. Jina halimalizi kitu, linamwambia mjukuu wa mtu amkumbuke nani. Watu wawili walimsaidia Smith. Mmoja akatengewa hela, mwingine akapewa kumbukumbu, na aliyepewa kumbukumbu tayari alikuwa na kila kitu. Kisiwa kiliingia kwenye jina. Mvuvi hakuingia.

Baadaye ilionekana samaki huyu ni yuleyule wa 1938, Latimeria, na jina la Malania likaachwa. Msije mkasema haki imetendeka. Kanuni ya sayansi inataka jina la kwanza tu; haijali Malan alikuwa nani, wala Ahamadi.

Boti ilipoita abiria, nikaaga. "Haya, mjukuu wangu, ufike salama," babu akasema, sindano ingali mkononi. Nilimwachia hela ya kahawa, nikajiona muungwana. Katikati ya bahari nikafungua daftari: kurasa mbili za majina ya samaki, juu nimeandika tarehe na jina langu. La babu sikuliuliza.