Uzito wa Vumbi Katika Mizani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika Uislamu, kaka na dada,

Suratu az-Zalzala ni katika sura za mwanzo tulizohifadhishwa madrasa. Mwishoni mwake Allah anatufahamisha kuwa Siku ya Kiyama kila mtu ataliona jema lake na baya lake, hata likiwa na uzito wa dharra tu. Tumezoea kuifasiri dharra kuwa chembe au mdudu chungu. Lakini wamo wafasiri waliosema ni vile vivumbi vinavyoonekana vikielea pale mwale wa jua unapopenya dirishani. Kwa maana hiyo, mizani ya Akhera imepigiwa mfano kwa kitu ambacho binadamu hukidharau kuliko vyote. Basi leo tuliangalie vumbi lenyewe, tujiulize: anayelitimua ana hisabu?

Wataalamu hulipima vumbi la hewani kwa mikromita, yaani sehemu moja ya milioni ya mita. Chembe za mikromita 10 kushuka chini huitwa PM10, na za mikromita 2.5 kushuka chini huitwa PM2.5. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo tunazungumzia kitu ambacho jicho halikioni. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni. Hizo ndogo hupita, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia mpaka kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu, ya nje na ya majumbani, inahusika na vifo vya watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Huo ndio uzito wa dharra hapa duniani, kabla ya kufika kwenye mizani.

Tuchukue mfano wa mahali pamoja pa jangwa: bonde la Owens, jimbo la California, Marekani. Bonde hili liko mashariki ya milima ya Sierra Nevada. Milima huzuia mvua, bonde likawa kavu. Lakini theluji ya milimani ilipoyeyuka, maji yalishuka mtoni yakajaza ziwa la chumvi lenye zaidi ya kilomita 250 za mraba. Wapaiute, wenyeji wa bonde hilo tangu zamani, wanaliita Patsiata. Mwaka 1913 jiji la Los Angeles lilikamilisha mfereji wa zaidi ya kilomita 370, na maji ya mto yakaelekezwa mjini. Kufika mwaka 1926 ziwa lilikuwa limekauka karibu lote.

Kilichobaki kilikuwa sakafu ya chumvi na udongo laini wenye arseniki ndani yake. Upepo ukivuma, unga ule ulipanda juu na kuwashukia watu wa Keeler, Lone Pine na vijiji vingine vya bonde. Kwa miaka mingi ziwa lile kavu lilihesabiwa kuwa chanzo kimoja kikubwa kuliko vyote cha vumbi la PM10 nchini Marekani. Tangu mwaka 1987 sheria ya nchi hiyo imeweka kikomo cha mikrogramu 150 za PM10 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24. Pale Keeler kimewahi kupimwa kiwango cha zaidi ya mara 20 ya kikomo hicho.

Itazameni vizuri dhulma hii, maana ni ya aina ambayo haina sura. Mtu wa mjini alifungua bomba, akanywa, akaoga, akamwagilia bustani. Hakumrushia mtu mchanga machoni, wala hakumjua mzee anayekohoa umbali wa mamia ya kilomita. Mikono yake aliiona safi. Hata hivyo maji yaliyomfikia ndiyo yaliyokuwa yakilituliza vumbi lile.

Hapa yupo atakayesema: jangwa ni jangwa, na vumbi ni qadar ya Allah. Ni kweli kwamba upepo unakwenda kwa amri ya Mola wake. Ni kweli pia kwamba udongo si adui yetu. Kwa udongo safi tunatayammamu, na ardhi yote tumefanyiwa mahali pa kusujudia. Lakini Sayyidna Umar (R.A.), alipoamua kutoingia Sham wakati wa tauni ya Amwas na akaulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kuwa anatoka kwenye qadar ya Allah na kwenda kwenye qadar ya Allah. Kuamini qadar hakumfutii mtu wajibu. Na tena dhoruba iliyoletwa na Allah ni jambo moja, na ziwa lililokaushwa na binadamu ni jambo jingine. Hilo la pili Qur'ani imelipa jina lake: ni ufisadi katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake, na katika Suratu al-A'raf, aya ya 56, tumekatazwa.

Fiqhi yetu haikulinyamazia jambo hili. Mtume (S.A.W.) aliweka msingi kwamba katika Uislamu hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Juu ya msingi huo mafakihi wa Kimaliki walijadili moshi wa tanuri na wa hamamu unaomwingilia jirani, na makapi ya uwanja wa kupuria nafaka yanayopeperukia nyumba za watu. Ibn al-Rami, fundi wa ujenzi wa Tunis katika karne ya 8 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo na madhara ya majirani. Wanazuoni hao hawakuwa na mashine ya kupimia PM10, lakini walijua kwamba mtu anaweza kumdhuru mwenzake bila kuvuka ukuta wake. Iko pia kanuni ya fiqhi isemayo kuwa mwenye kuchuma faida ya kitu ndiye abebaye gharama yake.

Sasa turudi Owens tuone kanuni hiyo ikifanya kazi kwa mikono ya watu wasioijua. Mwaka 1983 jimbo la California lilitunga sheria iliyoipa mamlaka ya hewa ya eneo lile uwezo wa kulidai jiji la Los Angeles hatua za kuzuia vumbi linalotokana na kuchukua maji, na kulidai ada ya kazi hiyo. Jiji halikukubali kwa wepesi. Kulikuwa na mabishano ya miaka na kesi mahakamani. Mwaka 1998 pande mbili ziliafikiana, na kuanzia mwaka 2001 maji yakaanza kumwagwa tena juu ya sehemu za ziwa, kwa kina kifupi tu cha kulowesha udongo. Sehemu nyingine zikapandwa majani yanayostahimili chumvi, na nyingine zikafunikwa kokoto. Kwa kazi hiyo jiji limetumia zaidi ya dola bilioni 2, na walipaji ni wale wale wanaofungua bomba. Vumbi limepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na ndege wanaohama wamerudi kwa maelfu.

Mizani haikujali kwamba aliyekunywa maji hakuwa na nia mbaya. Ilipimwa hewa, ikatafutwa asili ya vumbi, akaulizwa aliyefaidika. Hivyo ndivyo uadilifu unavyofanya kazi: kuna kipimo, kuna kikomo, na kuna mwenye kuulizwa.

Mahali penye upungufu wa hayo, maafa hubaki kwa wanyonge. Bahari ya Aral, katika ardhi ya ndugu zetu Waislamu wa Uzbekistan na Kazakhstan, ilianza kukauka miaka ya 1960 kwa sababu mito yake ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba. Dola iliyofanya hivyo, Umoja wa Kisovieti, ilivunjika mwaka 1991. Leo watu wa Moynaq wanavuta vumbi la chumvi lililochanganyika na dawa za mashambani, na wanapanda miti ya jangwani kwa jasho lao wenyewe ili kulizuia, wakati aliyelisababisha hayupo tena wa kuulizwa.

Ndugu zangu, sisi tunaosoma huku Uganda hatukai jangwani. Lakini kiangazi kikikaza, barabara zetu za udongo huinuka na kila lori linalopita, na wanaoketi ukingoni mwa barabara ni mama wauza ndizi na vijana wa bodaboda. Takataka za hosteli huchomwa nyuma ya uzio, na moshi wake huingia kwa wapangaji wa upande wa pili. Lori la mchanga huja kwenye ujenzi wetu bila turubai. Msikiti ukijengwa kwa mchanga huo, je, thawabu ya kuujenga inaliondoa dhara la mtu aliyepumua vumbi lake njiani?

Basi Jumuiya yetu ianze na lililo mikononi mwake. Katika ujenzi wowote tunaousimamia, turubai na kumwagia maji viwe sharti la mkataba. Takataka zetu zizolewe, zisichomwe. Na wenzetu mnaosomea uhandisi, sheria na tiba, siku mtakapokalishwa kwenye meza ya kupitisha mradi, ulizeni maswali matatu: vumbi hili litamwangukia nani, nani amelipima, na nani atalipa? Mkiyauliza kwa ajili ya Allah, hiyo ni ibada.

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wasiwasumbue wa juu wanapofuata maji. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Nia yao ilikuwa njema, lakini tundu ni tundu. Hewa ndiyo jahazi letu, hakuna mwenye pumzi yake peke yake.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe katika wenye kuondoa maudhi njiani mwa waja wako, wala usitujaalie kuwa sababu ya kifua cha mtu kubana. Uzisafishe nyoyo zetu na hewa tunayoivuta, na uifanye mizani yetu nzito kwa mema, hata yaliyo madogo kama dharra. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.