Jikaze

Neno la kwanza nililomwambia binamu yangu aliponieleza kwamba halali usiku lilikuwa "jikaze". Nililisema kwa upendo, na hilo ndilo linalonisumbua.

Binamu ni askari wa zimamoto na uokoaji. Walikuwa wameitwa kwenye ajali barabara kuu, gari dogo limebanwa na lori, ndani yumo baba, mama na mtoto. Wiki tatu baadaye bado alikuwa anashtuka saa nane usiku, anatoka kukaa uani mpaka adhana ya alfajiri. Nikamwambia ajikaze. Nikaongeza na methali, maana sisi wasoma vitabu hatukosi methali: mvumilivu hula mbivu. Akaniangalia, akasema, "Sawa kaka." Nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Na nilipaswa kujua. Baba yake, yaani mjomba wangu, alipigana Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978. Aprili 11, 1979, Kampala ikatekwa. Mjomba alikuwa mwanamgambo, dereva wa lori. Alirudi mzima, hana hata kovu. Lakini tangu nipate akili sijamwona akilala bila taa. Kwenye harusi moja walipiga fataki, mzee akaingia chini ya meza, na sisi watoto tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Watu wazima hawakucheka. Hawakusema kitu pia. Walimpa soda.

Nyerere alisema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na kweli tulikuwa navyo vyote vitatu. Habari ya kurudi ndiyo haikuzungumzwa. Tuwe wakweli lakini: hata Marekani, yenye umati wa vijana waliotoka Vietnam, ugonjwa huu wa mtu kuendelea kuishi ndani ya tukio lililokwisha uliingia kwenye mwongozo rasmi wa madaktari wao mwaka 1980. Mjomba alikuwa keshakabidhi lori. Sisi neno letu tulikuwa nalo: Mirembe. Hospitali iko Dodoma, inatibu watu, na sisi tukaifanya tusi. "Huyu wa Mirembe huyu." Wakenya nao wana Mathari yao. Sasa mtu aliyekulia kwenye utani huo, leo unamwambia "nenda ukaonane na daktari wa akili", unadhani anasikia nini?

Swali langu ni hili. Mtu ambaye kazi yake ni kuokoa wengine, je, ana wajibu wa kukubali kuokolewa? Wengi watajibu haraka: ndiyo, kwa ajili ya mke na watoto. Mimi jibu hilo linanitia mashaka. Nilipomrudia binamu na kumwomba tuzungumze vizuri, alinipa sababu zake bila hasira. Jina lake litasemwa kambini. Atatolewa kwenye gari la uokoaji awekwe mezani, na posho iishie hapo. Wenzake wataanza kujiuliza kama ni mtu wa kuingia naye kwenye moshi. Mimi hapo sioni woga, naona hesabu. Ukimhimiza mtu wa namna hiyo bila kuigusa hesabu yake, umemwomba ajitoe mhanga mara ya pili, safari hii bila hata mshahara.

Nilimkumbuka Aias. Mushi alitupa Mfalme Edipode kwa Kiswahili mwaka 1971; huyu Aias mimi nilimsoma kwa Kiingereza. Sophocles, aliyemwandika, aliwahi kuwa jemadari, na inaonekana alijua anachosema. Shujaa anapandwa na wazimu, anachinja mifugo akidhani ni maadui, kisha akili zinamrudia na aibu inamfunika. Tekmessa, mama wa mtoto wake, anamsihi. Mabaharia wake wanamsihi. Karibu kila wanachomwambia kinahusu deni: mwanao je, wazazi wako je, sisi tutabaki na nani? Basi anawapa wanachotaka. Anazungumza kama mtu aliyelegea, wanashangilia, wanamwacha aende ufukweni peke yake, na huko anajiua.

"Sawa kaka."

Mmarekani Bryan Doerries amekuwa akiwasomea wanajeshi na familia zao tamthilia hiyo, halafu anawaachia ukumbi wazungumze. Naelewa kwa nini inafanya kazi. Anayesema pale mbele ni Aias, na aliyekaa kwenye kiti anaweza kujitambua bila kunyoosha mkono.

Kuna hoja moja watu wanaipenda: askari akivunjika mguu hatumwambii ajikaze, kwa nini tumwambie akijeruhiwa akili? Nzuri, ila haitoshi. Mguu hauna aibu. Jonathan Shay, daktari aliyewatibu askari wa Vietnam huko Boston na kuandika Achilles in Vietnam mwaka 1994, alionyesha kwamba kinachowala wengine si hofu tu, ni haki iliyovunjwa. Binamu hakuwa anaogopa magari. Alikuwa amekata mlango wa dereva kwanza, akimfuata aliyekuwa anapiga kelele na kufikika, na mtoto alikuwa nyuma. Kila usiku alianza na mlango wa nyuma.

Mimi ningemwambia huna kosa. Mkewe alishamwambia. Haikumfaa, kwa sababu alijua tunamwambia hivyo kwa kumpenda.

Aliyemsogeza ni baba yake. Mzee hakutoa hotuba. Alimkuta uani saa tisa, akaketi, akasema: "Mimi nilivumilia. Niangalie sasa." Mzee wa miaka sabini na kitu anayelala na taa. Wiki iliyofuata binamu akaniomba nimsindikize hospitali ya mbali kidogo, wilaya nyingine, asikutane na mtu. Sikumwambia kwamba kujificha vile si vizuri. Nilikaa kwenye benchi la nje nikisoma matangazo ya chanjo.

Daktari hakumwambia hana kosa. Alimwomba asimulie ajali ile taratibu, dakika kwa dakika, tena na tena, wiki baada ya wiki. Ni kazi ngumu. Siku nyingine alitoka ametota jasho. Bado kuna usiku anaamka, ingawa sasa anarudi kitandani. Kazini anajua sajini wake tu, ambaye alimjibu kwamba yeye naye alishapita huko, hakumwambia mtu.

Mjomba bado hajaenda. Nimemuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, akasema vita vimekwisha zamani hivyo. Ya pili alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama kule wanaandika majina. Nikamwambia wanaandika, mjomba, lakini faili linabaki kwa daktari. Akasema atafikiria baada ya mavuno.