Paka wa nyumbani ni amana

Ndugu Waislamu, paka akizaa, wapo wanaotia watoto wake kirobani na kuwabwaga jalalani hata macho hayajafumbuka. Tukumbuke hadithi ya Bukhari na Muslim: mwanamke aliingia Motoni kwa paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie.

Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu, akanywa. Mkwewe Kabsha aliposhangaa, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Hivyo ndivyo mkubwa anavyofundisha: kwa kutenda.

Watu wa Nshamba, wilayani Muleba, wanalijua somo la kupokea. UKIMWI ulipoikumba Kagera tangu mwaka 1983, mabibi wengi walianza upya kulea wajukuu yatima. Yatima ana haki kubwa kuliko mnyama, hilo halina mjadala. Lakini mtoto aliyezoea kumtesa paka, nani atamfundisha kumhurumia yatima?

Basi uliyeokota kitoto cha paka, umebeba amana. Mpe chakula na maji, wakataze watoto kumvuta mkia. Ukishindwa, mkabidhi atakayemtunza. Usimrudishe jalalani.

Wallahu aalam.